Lubaina Himid: Kanga, Ushoroba na Majina Mia

Huku Kasulu na Kibondo tuliko sisi wa visiwani, baridi ya asubuhi bado inatushinda, lakini kanga sokoni ni ile ile: pindo, mji na jina. Mama wa Kiha hujifunga moja, ya pili akambebea mtoto. Basi leo tumzungumze mzaliwa wa Unguja aliyeipeleka kanga kwenye kuta za sanaa Uingereza.

Lubaina Himid alizaliwa mwaka 1954. Baba yake, mwenye asili ya Komoro, alifariki kwa malaria yeye akiwa mchanga, na mama, Mwingereza mbunifu wa vitambaa, akarudi naye London. Hakupata bibi wa kumfunza kusoma kanga. Alikuwa na mama wa kumfunza kutazama nguo.

Miaka ya 1980 wanawake weusi wachoraji walikuwa hawapati pa kutundika kazi zao. Lubaina hakungoja. Mwaka 1983 alikusanya wenzake wanne wakaonyesha kazi Africa Centre, London. Mwaka 1985 akaandaa The Thin Black Line, wasanii 11, katika jumba la ICA. Wakapewa ushoroba! Sisi tuliozoea kumkaribisha mgeni ndani tunajua maana ya kuachwa njiani.

Baadaye akachora kanga zake kwenye karatasi: rangi kali, picha katikati, maneno chini. Wengine huona pambo tu. Kwetu, anayedharau kanga hajawahi kusemwa nayo.

Lakini kazi inayotugusa zaidi tukiwa huku ni Naming the Money ya mwaka 2004. Ni sanamu bapa 100 za mbao, kimo cha mtu, zenye mavazi ya rangi: wapiga ngoma, washona viatu, waganga wa mitishamba, watumwa wa majumba ya kifalme Ulaya. Kila mmoja anataja jina lake, kisha jina alilopachikwa na bwana wake. Ujiji iko mkoa huu huu, na njia ya misafara ilitoka pale hadi Bagamoyo, kisha kwetu Unguja. Wangapi walivuka bahari na jina moja wakashuka na jingine? Nyumba ngapi za mjini kwetu ziliwaita kwa hilo la pili?

Mwaka 2017, akiwa na miaka 63, alishinda Turner Prize, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Mwaka huo huo ndipo waandaaji walipoondoa sharti la msanii kuwa chini ya miaka 50.