Urejeshaji si Ukarabati

Mwaka 1953 Charles na Ray Eames, mume na mke waliokuwa wakibuni samani huko Los Angeles, walitoa chango cha ukutani walichokiita Hang-It-All. Ni fremu ya waya wa chuma uliochomelewa, na kila ncha ya kuangikia imevikwa tufe la mbao lenye rangi kali. Kilikusudiwa watoto, ili wakiingia ndani waangike makoti yao wenyewe. Utengenezaji wake ulikuja kusimama, kisha kampuni ya Herman Miller ikaanza kukitoa upya mwaka 1994. Ndiyo maana leo cha zamani hutafutwa kwa bidii, na muuzaji hujigamba kwamba chake "kimerejeshwa". Je, kimerejeshwa, au kimekarabatiwa tu?

Kukarabati ni kukifanya kilichoharibika kitumike tena. Tunakarabati barabara, paa na bomba, wala hakuna anayemuuliza fundi kama bati alilopiga linafanana na lile la kwanza. Alimradi paa halivuji, kazi imekamilika.

Urejeshaji una masharti zaidi. Ni kukirudisha kitu kwenye hali iliyokuwapo kweli wakati fulani, kwa kuondoa yaliyoongezwa baadaye na kujaza yaliyopotea, kila hatua ikiwa na ushahidi. Hati ya Venice ya mwaka 1964, inayohusu majengo na maeneo ya kihistoria, inaagiza kazi hiyo ikome pale kukisia kunapoanza. Kanuni hiyo inafaa hata kwa samani.

Tuchukue chango chetu. Fundi akikuta tufe limepakwa rangi juu ya rangi, akakwangua sehemu ndogo mpaka akaiona ya kwanza, kisha akaifuata hiyo, anarejesha. Akiyapaka matufe yote rangi ya fedha ili yaendane na ukuta wa mteja, amekarabati, hata kama kazi ni safi kupindukia. Akiondoa kutu na vumbi tu na kuacha mikwaruzo ya makoti ya miaka mingi, hiyo ni kazi ya tatu: uhifadhi. Na kabla ya kukwangua lolote apime rangi hiyo, kwa kuwa rangi nyingi za miaka ya 1950 zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto.

Wapo wanaolikataa neno urejeshaji kwa hoja kwamba limekwisha kuchukuliwa na wakopeshaji: urejeshaji wa mikopo. Hoja hiyo ina uzito, ila dawa yake ni nyepesi. Tukisema "urejeshaji wa samani", hakuna atakayedhani kiti kinadaiwa. Ukarabati, kwa upande wake, hauokolewi na neno la kuongezea: "ukarabati wa samani" bado unaweza kuwa msumari mmoja au kitambaa kipya chote. Tena, mzizi wa rejea unatupa maneno mawili: urejeshaji kwa kazi yenyewe, na urejesho kwa matokeo yake.

Kwa mnunuzi, tofauti hii ni ya fedha. Muuzaji aulizwe: kipi ni cha asili, kipi ni kipya, na rangi hii mmeijuaje? Asiyekuwa na majibu anauza ukarabati, na bei ishuke ipasavyo.