Kimya Chenye Hati: Mpiga Dramu na Swali la Utunzi katika Roki ya Progresivu

Ikisiri

Mijadala kuhusu wapiga dramu wa roki huwagawa katika mafungu mawili: wanaosifiwa na waliosahauliwa. Makala haya yanadai kwamba mgawanyo huo unaficha jambo zito zaidi. Wa mafungu yote mawili huhesabiwa kuwa watekelezaji wa kazi iliyokwisha kutungwa na wengine. Ushahidi mkuu ni kipande cha King Crimson kiitwacho "Trio", ambacho mpiga dramu wake hakupiga hata pigo moja, na bado akaandikwa mtunzi.

1. Chanzo cha mjadala

Mwaka 2016 jarida la Rolling Stone la Marekani lilichapisha orodha ya wapiga dramu 100 bora wa nyakati zote. Nafasi nne za juu zilikwenda kwa John Bonham wa Led Zeppelin, Keith Moon wa The Who, Ginger Baker wa Cream na Neil Peart wa Rush. Orodha za namna hii huzaa ubishi wa aina moja: nani kapendelewa, nani kapunjwa. Atatokea wa kumtetea Michael Giles, aliyepiga katika albamu ya kwanza ya King Crimson mwaka 1969 kisha akajiondoa. Mwingine atamtaja Nick Mason wa Pink Floyd, ambaye hulaumiwa kwa utulivu uleule ulioupa muziki wa bendi yake nafasi ya kutanuka.

Ubishi huo hauishi kwa sababu umejengwa juu ya swali lisilo lenyewe. Chukua mfano wa Baker. Waliopanga orodha walimweka wa tatu duniani, na wapinzani wake wengi hawakatai kwamba alikuwa fundi. Hata hivyo wimbo wa "White Room" wa mwaka 1968 una watunzi wawili tu kwenye hati, Jack Bruce na mshairi Pete Brown. Baker alilalamika hadharani kwamba mwanzo wa wimbo huo, unaokwenda kwa mapigo matano badala ya manne, ulikuwa wazo lake, na kwamba hakupata mrabaha wa mtunzi. Dai lake laweza kupingwa. Lisilopingika ni kwamba mtu alisifiwa kwa nusu karne huku akiwa hana fungu katika hati ya wimbo ambao mashabiki huutambua kuanzia sekunde zake za mwanzo. Kusifiwa ni jambo moja na kutambuliwa ni jingine, na hoja yangu ni kwamba katika roki sifa imetumika kama fidia ya bei nafuu kwa haki iliyozuiliwa.

2. Walivyolitazama wengine

Kuhusu dharau wanayofanyiwa wapiga dramu hakuna haja ya kurefusha maneno. Matt Brennan, katika kitabu chake Kick It cha mwaka 2020, ameieleza historia ya kijamii ya seti ya dramu kiasi cha kutosha, na sina ugomvi naye.

Ugomvi wangu ni na mapokeo ya uhakiki wa roki ya progresivu yenyewe. Edward Macan, katika Rocking the Classics (1997), aliupa muziki huu heshima ya kuchambuliwa kama muziki wenye umbo. Alionesha jinsi kazi ndefu kama "Close to the Edge" ya Yes na "Tarkus" ya Emerson, Lake and Palmer zilivyopangwa kwa sehemu, mada na mwafaka wa sauti. Shukrani anastahili. Lakini uzito wa uchambuzi wa namna hiyo huangukia kwenye kinanda na gitaa, yaani kwenye mambo yanayoandikika kwa nota. Mdundo huingia kama mapambo au kama kipimo cha ugumu: huu una mapigo saba, ule una kumi na moja. Mhakiki anayehesabu mapigo bila kuuliza ni nani aliyeyaamua amekwisha kumweka mpiga dramu upande wa utekelezaji, hata kama anamwita bingwa.

Bill Bruford mwenyewe, aliyepata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Surrey baada ya kustaafu jukwaa, amelikabili suala hili katika Uncharted (2018). Anapendekeza tuwapime wapiga dramu kwenye mstari mmoja mrefu: upande huu kazi ya kutimiza mahitaji ya muziki, upande ule kazi ya kutunga. Pendekezo hilo ni la busara, ila linadhania kwamba kadiri mpiga dramu anavyotumikia muziki ndivyo anavyojitenga na utunzi. Jambo la kushangaza ni kwamba ushahidi mzito zaidi dhidi ya dhana hiyo umetoka katika maisha ya Bruford huyohuyo.

3. Amsterdam, 23 Novemba 1973

Bruford alikuwa mwanzilishi wa Yes mwaka 1968. Aliiacha mwaka 1972, mara baada ya kurekodi Close to the Edge, wakati bendi ikielekea kilele cha mafanikio, akajiunga na King Crimson ya Robert Fripp. Huko alimkuta Jamie Muir, mpigaji wa ala za kugonga asiyefuata kanuni, aliyedumu miezi michache tu kabla ya kuondoka mwanzoni mwa 1973. Bruford amesimulia mara nyingi kwamba Muir ndiye aliyempindua mawazo: mwanamuziki yupo kwa ajili ya muziki, na muziki haupo kwa ajili ya kumwonesha mwanamuziki.

Novemba mwaka huo bendi ilipanda jukwaani katika ukumbi wa Concertgebouw, Amsterdam, ikiwa na watu wanne: Fripp, Bruford, John Wetton kwenye gitaa la besi na David Cross kwenye fidla. Sehemu kubwa ya albamu iliyotoka Machi 1974, Starless and Bible Black, ilitokana na rekodi za jukwaani ambazo kelele za hadhira zilifutwa. "Trio" ni mojawapo. Ni kazi iliyobuniwa papo hapo, bila mazoezi wala nota. Fidla inaanza kwa sauti ndogo sana, besi inajibu, kisha Fripp anaingia na kinanda cha Mellotron chenye sauti ya filimbi. Kwa zaidi ya dakika tano Bruford alikaa nyuma ya dramu zake, vijiti vimepishana kifuani, asipige. Albamu ilipotoka, alitajwa kuwa mtunzi pamoja na wenzake, kwa kuwa waliona uamuzi wake wa kutopiga ulikuwa sehemu ya kilichotungwa. Jina la kazi linahesabu watatu. Hati inahesabu wanne.

Kimya hicho kilifanya nini ndani ya muziki? Kwanza, kilimfungua Wetton. Katika bendi ya roki besi imefungwa na dramu ya mguu. Dramu isipokuwepo, besi haina wa kushikana naye, na katika "Trio" inageuka kuwa sauti ya pili ya kuimba kando ya fidla. Pili, kiliamua ukubwa wa sauti. Toazi moja tu lingetosha kuifunika fidla inayopigwa kwa wepesi ule, na wenzake wangelazimika kupandisha. Tatu, kiliacha wakati bila kufungwa. Katika ubunifu wa papo hapo, mpiga dramu anapoingia kasi hujulikana, na kasi ikishajulikana njia zilizobaki huwa chache. Kwa dakika zote hizo Bruford alikuwa na uwezo wa kuufunga mlango huo, na kila sekunde aliyoacha kufanya hivyo ilikuwa uamuzi mpya.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na msikilizaji wa bendi iliyosifika kwa makelele angetarajia methali itimie: dramu zilipuke mwishoni. Hazikulipuka. Kazi inaisha ilivyoanza, na kimya kinabaki na thamani yake chenyewe.

4. Mapingamizi mawili

Pingamizi la kwanza: ikiwa kutopiga ni kutunga, basi hata fundi mitambo aliyekuwa nyuma ya pazia ametunga. Jibu ni kwamba fundi hakuwa na nafasi ya kupiga wala hakutarajiwa kupiga. Kimya huwa cha mtu pale tu anapokuwa na ala mkononi, haki ya kuitumia, na wenzake wanaomsubiri. Linganisha na "Intruder", wimbo wa kwanza katika albamu ya Peter Gabriel ya mwaka 1980. Phil Collins alipiga bila matoazi, na Hugh Padgham akiwa fundi wa sauti ukapatikana ule mlio mzito unaokatika ghafla, ambao baadaye ulisikika katika miaka yote ya 1980. Lakini aliyekataza matoazi ni Gabriel. Ukosefu wa matoazi, basi, ni utunzi wa Gabriel. Mdundo wenyewe, unaobeba wimbo toka mwanzo, ni suala jingine, na hati inamtaja Gabriel peke yake kuwa mtunzi.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: hati hugawiwa kwa hisani. Katika The Dark Side of the Moon (1973), kipande cha kufungulia, "Speak to Me", kimeandikwa kwa jina la Nick Mason pekee, na mwenzake wa Pink Floyd, Roger Waters, alikuja kusema kwamba aliitoa hati hiyo kama zawadi. Huenda "Trio" nayo ilikuwa hivyo? Siwezi kuiondoa kabisa hisani katika mahusiano ya bendi. Hata hivyo King Crimson walikuwa na desturi. "21st Century Schizoid Man" ya mwaka 1969 ilitajwa kuwa ya wanabendi wote watano, Giles akiwemo. Genesis nao waliandika nyimbo zao kwa jina la kundi zima hadi mwaka 1974, Collins akiwemo, kabla ya kuanza kutaja majina mojamoja katika A Trick of the Tail (1976). Bendi zilizotunga pamoja zilijua kwamba mpangilio wa mdundo ni sehemu ya wimbo.

5. Mahakama na ngoma zisizo na mwenyewe

Sheria haikujua. Mwaka 1999, wanabendi watatu wa Spandau Ballet, mpiga dramu John Keeble akiwa mmoja wao, walishindwa kesi mjini London walipodai haki ya utunzi. Jaji aliona mchango wao ulikuwa wa utekelezaji. Miaka kumi baadaye, Matthew Fisher alithibitishiwa asilimia 40 ya haki ya muziki wa "A Whiter Shade of Pale" ya Procol Harum (1967), kwa sababu ya sehemu yake ya kinanda. Tofauti ya kesi hizo ina sababu nyingine pia, lakini moja inaonekana wazi: Fisher alikuwa na melodia ya kuionesha mahakamani.

Mwelekeo huo umevuka mipaka. Rekodi ya wapiga ngoma wa Burundi iliyofanywa miaka ya 1960 na kutolewa na Ocora ya Ufaransa ndiyo inayodunda chini ya "The Jungle Line" ya Joni Mitchell (1975). Wapigaji walitajwa kwa jina la jumla la nchi yao. Wimbo una mtunzi mmoja. Ngoma za kifalme, ambazo UNESCO iliziorodhesha mwaka 2014 kuwa urithi wa binadamu, ziliingia katika muziki wa Magharibi kama malighafi, kwa mantiki ileile iliyomnyima Baker fungu lake.

6. Hitimisho

Ninapendekeza kipimo kimoja badala ya orodha: ondoa au badilisha uamuzi wa mpiga dramu, kisha uliza kama kazi iliyobaki ni ileile. "Trio" yenye dramu ingekuwa kazi nyingine. "White Room" isiyo na mapigo yale matano ya mwanzo ingekuwa, angalau, wimbo wenye mlango mwingine. Kuna kazi nyingi ambazo hazitapita kipimo hiki, na wapigaji wake wataendelea kuwa watekelezaji wazuri wanaostahili ujira wao na hakishiriki zao. Zile zitakazopita zinatosha, naamini, kulazimisha historia ya utunzi wa roki iandikwe upya. Mhakiki anayedai kuwa fulani hathaminiwi ipasavyo na aanze kwa kuonesha alichotunga. Nafasi yake kwenye orodha itabaki kuwa jambo la mashabiki.