Jina Juu ya Sauti: Lebo za Kidijitali na Uhakiki wa Rekodi za Arusha na Meru

1. Utangulizi

Mwanahistoria anayefungua faili ya sauti hukutana na vyanzo viwili, si kimoja. Cha kwanza ni sauti yenyewe. Cha pili ni maandishi mafupi yaliyopachikwa ndani ya faili hiyo hiyo: jina la msemaji au mwimbaji, tarehe, mahali, lugha, aina ya rekodi. Maandishi hayo huitwa metadata, na kila kipengele chake kitaitwa lebo katika makala hii. Watafiti wa historia simulizi wamejiwekea kanuni za kuihakiki sauti: nani anasema, alishuhudia au alisimuliwa, ana maslahi gani katika anayoyasema. Lebo huipokea kama walivyoikuta.

Makala hii inadai kwamba lebo ni waraka unaojitegemea, wenye mwandishi wake, wakati wake na makosa yake, na kwamba yafaa uhakikiwe kando na sauti. Arusha na maeneo yanayouzunguka Mlima Meru yamechaguliwa kwa sababu ya wazi. Arusha ni jiji, ni mkoa, na Waarusha ni watu. Meru ni mlima, ni wilaya, na Wameru ni watu. Tena wapo Wameru wengine nchini Kenya ambao hawana undugu wa karibu wa lugha na hawa wa kwetu. Mahali ambapo jina moja hubeba mzigo wa namna hiyo, nafasi ndogo iliyotengwa kwa ajili ya jina huwa jambo kubwa.

2. Kadi kabla ya faili

Tatizo halikuanza na kompyuta. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akirekodi muziki, na miaka minne baadaye alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika, ambayo leo imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Santuri zake, zaidi ya 200 katika mfululizo mmoja, ziliambatana na kadi zilizotaja lugha, mahali, ala na wapigaji. Kadi ilikuwa na udhaifu unaojulikana: ikitenganishwa na santuri, santuri hubaki bila mwenyewe. Ilikuwa pia na nguvu ambayo tumeisahau upesi. Kadi iliyosahihishwa ilionesha kwamba imesahihishwa. Wino mpya ulikaa juu ya wino wa zamani, jina lililokatwa kwa mstari liliendelea kusomeka, na mtafiti aliweza kuuliza nani alilikata na kwa nini.

3. Herufi 30

Faili za MP3 zilipoanza kuenea hazikuwa na mahali rasmi pa kuandika jina la wimbo. Mwaka 1996 Eric Kemp alibuni utaratibu ulioitwa ID3: baiti 128 zinazopachikwa mwishoni mwa faili, kati yake 30 kwa ajili ya jina la wimbo, 30 kwa msanii, 30 kwa albamu, 4 kwa mwaka, 30 kwa maelezo, na baiti moja tu kwa aina ya muziki. Mgawanyo huo ulifanywa kwa kufikiria duka la muziki la Marekani, na hakuna wa kulaumiwa kwa hilo; lakini ulisafiri kwenda kila mahali ambako faili ilisafiri.

Athari yake yaweza kupimwa kwa kuhesabu herufi. Chukua jina ambalo wengi huliandikia chombo kilichoifanya Arusha ijulikane duniani kwa miaka 20: Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda. Herufi na nafasi 30 za mwanzo zinaishia pale pale penye neno «Jinai». Kinachobaki ndani ya lebo ni «Mahakama ya Kimataifa ya Jinai», yaani jina la mahakama nyingine kabisa, iliyoko The Hague na iliyoundwa kwa mkataba. Lebo haikukatika kwa namna ya kumshtua msomaji, kwani jina lililobaki limekamilika na ni sahihi kisarufi. Kosa la aina hii ndilo baya kuliko yote katika kazi ya nyaraka, kwa kuwa halijitambulishi.

Ile baiti ya aina ya muziki nayo ina habari yake. Orodha ya kwanza ilikuwa na aina 80. Reggae imo, rap imo, gospel imo, hata polka imo. Taarabu haimo, dansi la Kitanzania halimo, wala hakuna kipengele chochote chenye jina la Afrika. Kuna «Ethnic» na kuna «Tribal», na mtunza nyimbo aliachiwa achague kati ya hizo mbili. Mwaka huo huo wa 1996, kwa sadfa tu, kundi la X Plastaz lilianza Arusha. Albamu yao iliyotolewa Ujerumani mwaka 2004 ilipewa jina la *Maasai Hip Hop*, na uimbaji wa Kimaasai wa Yamat Ole Meipuko ndio ulioipa sura yake nje ya nchi. Hata hivyo sehemu kubwa ya mashairi yake ni ya Kiswahili, yametungwa na vijana wa mjini, juu ya maisha ya mjini. Lebo ya albamu hurudiwa katika kila faili ya albamu. Atakayefanya utafiti wa hip hop ya Kiswahili kwa kutafuta lebo peke yake ataikosa, na atakayetafuta muziki wa Kimaasai ataipata yote, pamoja na nyimbo ambazo Kimaasai hakimo.

4. Mfumo usiopoteza sauti, na amri inayobadili jina

Josh Coalson alianza kuandika mfumo wa FLAC mwaka 2000, toleo la 1.0 likatoka Julai 2001, na mwaka 2003 mradi ukaingia katika shirika la Xiph.Org. Mfumo huu hupunguza ukubwa wa faili bila kupoteza hata sampuli moja ya sauti, na ndiyo maana umependwa na wenye makusanyo ambao hawawezi kumudu ukubwa wa faili za WAV. Mwanzoni mwa kila faili kuna vitalu vya metadata. Kitalu cha kwanza hubeba, pamoja na mengine, alama ya MD5 iliyokokotolewa kutokana na sauti kabla ya kugandamizwa. Kitalu kingine hubeba lebo, kila moja ikiwa jina, alama ya usawa, kisha thamani. Thamani huandikwa kwa UTF-8 na haina kikomo cha herufi 30. Herufi za pekee za Kimaasai zinaandikika bila taabu. Lebo moja yaweza kurudiwa mara nyingi kadiri inavyohitajika.

Programu inayosoma na kubadili vitalu hivyo huitwa metaflac, nayo hutumiwa kwa mstari wa amri. Mfano mmoja unatosha:

metaflac --show-md5sum rekodi.flac
metaflac --remove-tag=LANGUAGE --set-tag="LANGUAGE=rwk" rekodi.flac
metaflac --show-md5sum rekodi.flac

Amri ya kwanza na ya tatu zitatoa jibu lile lile. Lugha ya rekodi imebadilishwa, lakini alama ya sauti haijaguswa, kwa sababu alama hiyo inathibitisha sauti peke yake. Hapa ndipo mwanahistoria anapopaswa kusimama kidogo. Mtunza nyaraka anaposema kwamba faili «imethibitishwa», anasema kweli kuhusu chanzo cha kwanza na hasemi lolote kuhusu cha pili. Zaidi ya hapo, metaflac ina chaguo la kuiacha tarehe ya mwisho ya kurekebishwa kwa faili ibaki kama ilivyokuwa. Lengo lake ni jema, lakini matokeo yake ni kwamba lebo inaweza kuandikwa upya bila kuacha hata tarehe nyuma yake. Ule mstari wa wino juu ya jina la zamani haupo tena.

Ushahidi, kama upo, hupatikana kando ya faili. Katika kompyuta nyingi za Linux amri zilizoandikwa huhifadhiwa katika faili iliyofichwa iitwayo .bash_history. Watunza nyaraka huiona kuwa takataka ya mashine. Kwa maoni ya mwandishi huyu, ni daftari la karani, na makusanyo yoyote ya sauti yanayokabidhiwa chuo yangekabidhiwa pamoja na daftari hilo. Umuhimu wake huonekana pale amri inapofungwa ndani ya kitanzi na kuendeshwa juu ya faili elfu kadhaa kwa pigo moja. Kosa la karani wa kadi lilikuwa kosa la kadi moja. Kosa la mstari mmoja wa amri huenea katika rafu zote, na usawa wake kila mahali huupa sura ya ukweli.

Kwa upande wa WAV, Umoja wa Utangazaji wa Ulaya uliweka katika miaka ya 1990 kitalu cha utangazaji chenye herufi 256 za maelezo, 32 za mwenye rekodi, 10 za tarehe, na sehemu ya kueleza njia ambayo sauti ilipitia kutoka kanda hadi faili. Tarehe hiyo ya herufi 10 hutaka mwaka, mwezi na siku. Ni tarehe ya nini, hata hivyo? Ya hotuba, au ya siku kanda ilipogeuzwa kuwa faili? Azimio la Arusha lilipitishwa na Halmashauri Kuu ya TANU mjini Arusha mwishoni mwa Januari 1967, likatangazwa tarehe 5 Februari. Rekodi yenye maneno «Azimio la Arusha» katika jina lake inataja waraka, wala haisemi kwamba ilirekodiwa Arusha. Lakini programu inayojaza lebo ya mahali kwa kuchukua neno la mwisho la jina la faili haiwezi kulijua hilo.

5. Tarehe mbele ya mahakama

Swali la tarehe halikuwa la kinadharia Arusha. Baraza la Usalama liliunda mahakama ya Rwanda kwa azimio namba 955 la tarehe 8 Novemba 1994, na Februari 1995 likaamua makao yake yawe Arusha, ambako vikao vilifanyika katika jengo la AICC. Mamlaka yake yalifungwa ndani ya mwaka mmoja: kuanzia Januari 1 hadi Desemba 31, 1994. Katika kesi ya vyombo vya habari iliyoamuliwa tarehe 3 Desemba 2003, kanda za redio ya RTLM, iliyotangaza tangu Julai 1993 hadi Julai 1994, zilikuwa sehemu ya ushahidi. Mahakama ya Rufani, katika hukumu yake ya Novemba 2007, ilishikilia kwamba uchochezi uliofanyika kabla ya 1994 hauwezi kuwa msingi wa hatia. Kwa hiyo kati ya tangazo la Desemba 1993 na lile la Januari 1994, hata kama sauti, mtangazaji na chuki ni vile vile, kulikuwa na mpaka wa kisheria. Ni tarehe iliyoambatanishwa na kanda iliyoamua kanda iko upande gani wa mpaka huo.

Mahakama ilifungwa Desemba 31, 2015. Nyaraka zake ziko chini ya chombo kilichoirithi, huko Lakilaki, nje kidogo ya jiji, na ni mali ya Umoja wa Mataifa. Hapo lebo ina hatari iliyo kinyume cha ile ya kupotea. Mashahidi wengi walisikilizwa kwa majina ya siri yaliyoundwa kwa herufi, na sehemu za ushahidi wao zilitolewa faragha. Sauti inaweza kukatwa pale jina linapotajwa. Lebo isipokatwa, jina linabaki ndani ya faili, halisikiki, lakini linasomeka kwa amri moja. Hifadhi ya aina hii hulazimika kuandaa nakala mbili, na kazi ya kuandaa nakala ya umma haikamiliki kwa kusikiliza pekee.

6. Meru ipi?

Wameru wa Tanzania hujiita Varwa, na lugha yao, Kirwa, iko karibu na lugha za Wachaga. Wameru wa Kenya husema lugha iliyo jirani na Kikuyu. Orodha ya misimbo ya lugha iliyotumiwa na toleo la pili la ID3, ile ya ISO 639-2 ya mwaka 1998, haikuwa na nafasi ya pekee kwa yoyote kati ya hizo mbili. Zote zilitumbukia katika msimbo wa jumla wa lugha za Kibantu. ISO 639-3 ya mwaka 2007 ndiyo iliyozitenganisha: mer kwa Kimeru cha Kenya, rwk kwa Kirwa. Mtu anayejaza lebo kwa kukisia ataandika mer, kwa kuwa ndiyo inayofanana na neno alilolisikia, naye atakuwa ameihamisha rekodi hadi nchi nyingine.

Uzito wa jambo hili unaonekana katika historia ya ardhi. Novemba 1951 serikali ya kikoloni ilianza kuwaondoa Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kuwasilisha malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa; yeye na wakili Earle Seaton waliyaandikia kitabu mwaka 1967. Simulizi ya mzee aliyehamishwa, ikirekodiwa kwa Kirwa na kupewa lebo ya mer, haitatokea mbele ya mtafiti wa kesi hiyo. Itatokea mbele ya mtafiti wa Kenya, ambaye ataifungua, ataona hailewi, na kuifunga.

Pendekezo la makala hii linatokana na tabia ya metaflac yenyewe. Amri ya --set-tag huongeza lebo. Haifuti iliyokuwapo mpaka iamriwe kufuta. Mfano uliotolewa katika sehemu ya nne ulifuta kwanza, jambo ambalo waongozaji wengi hulifundisha kama usafi. Kwa nyaraka za kihistoria lebo ya awali iachwe, hata ikiwa si sahihi, na ya pili iongezwe pamoja na lebo nyingine inayotaja nani ameongeza, lini, na kwa ushahidi gani. Programu za kuchezea muziki zitaonesha lugha mbili, na hilo si tatizo la mwanahistoria.

Kwa Waarusha hata njia hiyo haitoshi. Wao ni wakulima wa miteremko ya Meru wanaosema Kimaa, na Thomas Spear, katika kitabu chake cha 1997 juu ya wakulima wa mlima huo, ameonesha jinsi maisha yao ya mashambani yalivyofuata njia tofauti na ya wafugaji wa nyikani. Msimbo wao ni mas, ule ule wa Wamaasai wote. Hakuna msimbo wa kuwatenga. Kinachobaki ni lebo ya maelezo, iliyoandikwa kwa sentensi kamili na mtu aliyemuuliza msemaji yeye ni nani.