Ujuzi wa Kupika Mbege

Tunapoutaja urithi wa utamaduni wetu, hukumbuka upesi ngoma, uchongaji na ufinyanzi. Ni nadra kuutaja ujuzi wa kupika pombe. Hata hivyo, ujuzi huo una mengi ya kutufunza juu ya maisha ya wazee wetu. Na tuitazame mbege, pombe ya Wachaga wa miteremko ya Mlima Kilimanjaro.

Wengi huijua mbege kwa ndizi zake. Lakini mwanafunzi wa kazi hii hana budi kuufahamu kwanza ulezi. Ulezi huloweshwa, hufunikwa mahali penye unyevu mpaka uchipue, kisha huanikwa juani na kusagwa. Hicho ndicho kimea. Kisipokauka vyema, huota ukungu na kazi yote huharibika. Ndizi mbivu nazo huchemshwa, huachwa siku kadhaa zichachuke, kisha huchanganywa na maji na kuchujwa. Mwishowe hupikwa uji wa kimea, na gome la mti wa msesewe huongezwa ili kutia uchungu. Uji huo hupozwa kabla ya kuchanganywa na maji ya ndizi, kwa sababu uji wa moto huua chachu.

Mnamo 1857 mtaalamu wa Ufaransa, Louis Pasteur, alieleza kwamba uchachu ni kazi ya viumbe hai vidogo mno. Wapishi wetu, ambao aghalabu walikuwa wanawake, hawakuwa na darubini. Lakini kwa kuonja, kunusa na kugusa, walijua namna ya kuvitunza viumbe hivyo.

Mbege haiwekeki, baada ya siku chache huharibika. Kwa hiyo aliyeipika alihitaji watu wa kuinywa pamoja naye. Ilipikwa kwa ajili ya posa, tambiko, usuluhishi wa ugomvi au kuwashukuru majirani waliosaidia kazi. Wakati wake ulijulikana, na wazee walikuwapo kuangalia adabu.

Ukoloni uliuvuruga mpango huo. Sheria zake ziliwagawa wanywaji kwa rangi: bia ya chupa ikahesabiwa kuwa ya Mzungu, na pombe ya chungu ikawa ya "mwenyeji", yenye kudhaniwa uchafu na ushenzi. Kiwanda cha bia kilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1933, fikra hiyo ilizidi kupata nguvu. Wakati huohuo pombe ya kienyeji iliingia vilabuni, ikauzwa kila siku kwa yeyote mwenye fedha, bila shughuli wala mzee wa kumwambia mtu, "Basi, yatosha."

Kuuheshimu ujuzi huu si kuusifu ulevi. Ulevi hubomoa nyumba, na wazee wetu waliujua ubaya wake. Tunachosema ni kwamba aliyedharau chungu alidharau pia akili iliyokitumia. Walimu na wanafunzi wawaendee bibi zetu, wayaandike majina ya miti, vyombo na hatua za kazi, kabla wenye kuyajua hawajatutoka.