Rufani za Kesi ya Kuua Pwani ya Ruvuma

Pwani ya Mtwara, hata mlango wa mto Ruvuma, majirani hugombania mipaka ya mashamba, na pengine damu humwagika. Je, kinyongo cha zamani ni ushahidi? Twaona ni upanga ukatao kuwili: mwenye nacho aweza kuua, tena aweza kusingizia. Ndiyo maana ya rufani, neno ambalo asili yake ya Kiarabu ni kuinua: shauri huinuliwa, ushahidi ukapimwa tena. Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliwekwa 1979, baada ya ile ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977. Mwaka 1980 ilionya ya kuwa ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu mno, usitegemewe mpaka kila njia ya kukosea imeondolewa. Yatupasa kuufundisha uangalifu huo, maana jirani tudhaniye tumemwona gizani mara nyingi ni yule tuliyekwisha kumshuku mchana.