Wazazi Waliojijengea Shule

Katika taarifa hii tumeona vema kukumbusha habari za Githunguri, huko Kiambu.

Mwaka 1929 ulipozuka ugomvi kati ya misheni na Wakikuyu juu ya tohara ya wasichana, wazazi wengi waliwatoa watoto wao katika shule za misheni, wakaanza kujenga zao wenyewe. Punde walitambua kwamba shule isiyo na mwalimu ni banda tu. Ndipo mwaka 1939 Mbiyu Koinange, aliyekuwa amerejea kutoka masomoni Marekani, alipoongoza kufunguliwa kwa chuo cha walimu hapo Githunguri. Fedha zilichangwa rika kwa rika, kila rika likiona haya kupitwa na jingine. Akina mama nao, ambao wengi wao hawakujua kusoma, walijichangia wapate kujenga bweni la wasichana. Jambo hilo latupendeza kuliko yote. Manung'uniko juu ya hesabu yalikuwapo pia, wala hatuoni aibu kuyataja, kwa maana mwenye kuchanga ana haki ya kuuliza.

Mwaka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa, serikali ya kikoloni ilikifunga chuo hicho pamoja na shule nyingi za namna yake, na watoto wengi wakakosa darasa. Baada ya uhuru wa 1963, shule za Harambee zilijengwa kwa desturi ile ile ya michango.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inataka shule iwe na chama cha wazazi. Katika mikutano tuliyoihudhuria sisi, viti vingi vilikuwa vitupu.