Jumapili za miaka mitatu kwa namba moja

Oktoba 1903, wanahisabati wa Marekani walikutana New York. Zamu ya Frank Nelson Cole ilipofika, alikwenda ubaoni kimya kimya, akashika chaki, akaanza kuzidisha: 2 mara 2, tena mara 2, mpaka mbili zilipotimia 67. Akatoa 1. Ikabaki namba ya tarakimu 21:

147,573,952,589,676,412,927.

Kisha akasogea pembeni, akaandika 193,707,721 mara 761,838,257,287, akazizidisha kwa mkono mstari baada ya mstari, kama afanyavyo mtoto wa shule ya msingi. Jibu likawa lile lile. Akarudi kuketi bila kutamka neno, na ukumbi mzima ukampigia makofi. Ndivyo alivyosimulia mwanahisabati Eric Temple Bell.

Makofi hayo yalikuwa na deni la zamani nyuma yake. Mwaka 1644 Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa, alitoa orodha ya vipeo: ukipandisha 2 kwa kipeo kimojawapo, ukatoa 1, alisema, utapata namba tasa, isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. 67 ilikuwamo. (Orodha ilikuwa na makosa mengine pia, 61, 89 na 107 alizisahau.) Ilipita miaka zaidi ya 200. Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, akathibitisha kwamba namba ile si tasa. Ila njia yake ilionyesha tu kwamba ina watoto. Majina yao haikuyataja.

Hapo ndipo jambo hili linaponigusa. Kujua kwamba namba inagawanyika ni elimu moja. Kujua inagawanyika kwa ngapi ni elimu nyingine kabisa. Safari kutoka ya kwanza hadi ya pili ilimchukua Cole, kwa maneno yake mwenyewe kwa Bell, Jumapili za miaka mitatu.

Wala hakuwa akibahatisha. Namba za ukoo huu zina tabia yao. Chukua kipeo cha 11, ambacho ni kidogo: 2 ikizidishwa hivyo, ukatoa 1, unapata 2,047, yaani 23 mara 89. Gawanya 23 kwa 11, inabaki 1. Gawanya 89 kwa 11, inabaki 1. Vivyo hivyo, kila kigawo cha namba ya Cole, ukikigawanya kwa 67, lazima kibakize 1. Sheria hiyo peke yake inatupa nje sehemu kubwa mno ya namba za kujaribu, na Cole aliongeza machujio mengine juu yake. Hata hivyo zilizobaki zilikuwa nyingi, na chombo chake kilikuwa kalamu.

Kompyuta ya leo huvipata vigawo hivyo kufumba na kufumbua. Lakini anayetaka kuonja kazi ile achukue karatasi, azidishe tarakimu tatu za mwisho za kila kigawo, 721 kwa 287. Atapata 206,927. Sasa atazame mwisho wa ile namba ndefu: 927.